Kumfuata Gorila Msituni na Mustakabali wa Misitu ya Ufipa

Tanzania haina gorila wa mwituni. Mnyama huyu, aliye mkubwa kuliko wote katika jamii ya nyani wasio na mkia, anaishi Uganda, Rwanda na Kongo upande huu wa Afrika, na hata milima ya Itombwe yenye gorila imetenganishwa na nchi hii na maji ya Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, gorila wa milimani aliingia katika vitabu vya sayansi kupitia utawala uleule uliokuwa na boma lake Kasanga, huko Ufipa, nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania; Kasanga wakati huo iliitwa Bismarckburg: mnamo Oktoba 1902, Kapteni Robert von Beringe wa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani aliua gorila katika Mlima Sabinyo, wa safu ya Virunga, na mwaka 1903 mtaalamu wa wanyama wa Berlin, Paul Matschie, akampa mnyama huyo jina la kisayansi lenye jina la kapteni ndani yake. Leo watu huenda katika milima hiyohiyo kumtazama tu, na swali la mhadhara huu ni nini katika safari hiyo kinachofaa kuigwa Ufipa, na nini hakifai.

Safari ya kumwona gorila humtegemea zaidi mfuatiliaji, yaani mtu anayetangulia msituni alfajiri kutafuta kundi, kuliko mgeni anayelipa. Mfuatiliaji huanzia pale kundi lilipoachwa jana yake, akafuata majani yaliyolazwa, mabua yaliyomenywa na kutafunwa na kinyesi ambacho bado kina joto, hadi afike kwenye matandiko ya usiku. Kila gorila aliyeacha kunyonya hujitengenezea tandiko lake jipya kila jioni kwa kukunja matawi na majani, na mtoto hulala na mama yake. Kwa hiyo mtu anayejua kazi yake huyahesabu matandiko, hupima ukubwa wa kinyesi kilichoachwa humo, hutazama unywele wa kijivu wa dume lililokomaa, na kwa ishara hizo hutambua kundi lina wangapi na nani amepungua.

Kabla ya hapo hutangulia kazi ya kuwazoesha gorila, ambayo maana yake ni kuwatembelea kila siku, kwa miaka miwili au zaidi, bila kuwalisha wala kuwabughudhi, mpaka waache kumkimbia binadamu. Mazoea hayo yana hatari zake, kwa kuwa mnyama aliye karibu na binadamu kwa nasaba huambukizwa magonjwa yake kwa urahisi. Ndiyo maana katika Bwindi, nchini Uganda, ambako utalii huu ulianza mwaka 1993, kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja tu, na umbali wa mita 7 uliokuwa ukidaiwa zamani umeongezwa kuwa 10. Fedha za vibali hulipa ulinzi, na sehemu yake hurudi vijijini. Matokeo yake yanaonekana: gorila wa Virunga, waliokuwa takribani 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifikia 604 katika hesabu ya 2015 na 2016.

Mafanikio hayo yana jeraha lake, nalo halipaswi kufichwa. Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, watu walioujua msitu huo kuliko yeyote, walitolewa bila kupewa ardhi mbadala, na wengi wao wakabaki vibarua katika mashamba ya wengine. Mpango wowote utakaoanzishwa Ufipa ukaanza kwa kumfukuza anayeujua msitu utakuwa umekosea tangu hatua ya kwanza.

Ufipa una sokwe, ingawa hauna gorila. Sokwe wa eneo la Lwafi, wilayani Nkasi, ni miongoni mwa sokwe wa asili wanaoishi kusini zaidi duniani, na wepesi wa kudhani kwamba nao wazoeshwe kama wa hifadhi za Gombe na Mahale unaeleweka. Dhana hiyo haifai. Sokwe wa misitu ya miombo, yaani mapori makavu ya miti iliyoachana, huwa wachache mno katika eneo pana mno, hivyo kuwafuata kila siku ni kazi ngumu, na mnyama aliyezoea watu mahali ambapo walinzi ni wachache huwa rahisi kwa jangili. Mahale penyewe, ambako utafiti ulianza mwaka 1965 na wageni sasa huvaa barakoa, maradhi ya njia ya hewa yaliua sokwe kadhaa mwaka 2006. Wa Lwafi waachwe na woga wao.

Mahali pa kutembea ni Mbizi. Msitu huu wa milimani, juu ya mji wa Sumbawanga, ni masalia ya misitu katika mwinuko ambao sehemu kubwa yake sasa ni nyasi na mashamba, na ndani yake wanaishi mbega wekundu waliotengwa na wenzao wa Mahale, Gombe na Kibale ya Uganda. Mbega mwekundu hula majani, hasa machanga, na husafiri zaidi juu ya miti. Pengo linaloachwa na miti iliyokatwa, au na moto wa kiangazi uliopanda kutoka kwenye nyasi, huweza kumfungia njia. Vijito vya msitu huohuo hunywewa na watu wa bondeni, kwa hiyo mkulima wa pembezoni ana sababu yake mwenyewe ya kuutaka msitu uwepo, hata kama hajawahi kumjali mbega.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Virunga, basi, ni ajira ya mfuatiliaji. Vijana wa vijiji vinavyopakana na Mbizi waajiriwe na kulipwa mwaka mzima, hata katika miezi ya mvua ambayo hakuna mgeni, waandike kila siku makundi ya mbega yalipolala na moto ulipoishia, na wageni wao wa kwanza wawe wanafunzi wa shule za Sumbawanga, kwa kiingilio ambacho mzazi wa Ufipa anaweza kukilipa.