Vidole vya Skeli na Kitufe cha Transpozi: Mada kwa Semina ya Wapiga Kinanda wa Kwaya



Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya skeli kwa vidole sahihi. Maana ya skeli tunaijua sote: ni safari ya kutoka Do hadi Do. Vidole vina namba: dole gumba 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Skeli ya C mkono wa kulia hupanda kwa 1-2-3-1-2-3-4-5, wa kushoto kwa 5-4-3-2-1-3-2-1. Nota ni nane na vidole vitano, hivyo dole gumba hupita chini ya vingine, au vingine huliruka. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha mwaka 1753, alilifanya dole gumba kuwa mhimili wa mpangilio huu. Hayo yamo vitabuni, tusonge.

Tatizo letu ni kitufe. Nakizungumzia kile kinachohamisha sauti ya kinanda cha umeme, tunachokiita transpozi. Naomba nieleweke: silaumu parokia wala usharika wowote ulionunua vinanda hivi, na najua kitufe kimeokoa ibada nyingi. Lakini matokeo yake tunayaona. Wimbo umeandikwa Do ni E flati; mpigaji anabonyeza mara tatu, mikono inabaki C. Wimbo unaofuata Do ni A flati. Anabonyeza tena, mikono bado C. Mtu anapiga kinanda kanisani miaka na miaka, anaheshimika, na kati ya skeli kubwa 12 anaimiliki moja.

Siku umeme unapokatika na kuna piano pembeni, hapigi. Wimbo ukipanda nusu sauti kwenye ubeti wa mwisho, kwaya inasubiri kidole kitafute kitufe. Mpiga tarumbeta anauliza tuko wapi, anajibiwa C, anapuliza, kila mtu anageuka. Na aliyesahau kurudisha kitufe kwenye sifuri amewapa sauti ya kwanza wa ibada inayofuata mateso wasiyostahili.

Nimelitafakari sana chimbuko la tatizo hili, na siamini ni uvivu. Sisi tumelelewa na nota za do-re-mi, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 kwa ajili ya waimbaji. Mwimbaji hana vibonyezo vyeusi kooni. Do ikihama, yeye huhama nayo bila kuona tofauti. Mpiga kinanda huiona kwa vidole. Karatasi zetu haziandiki namba za vidole, kwa hiyo hakuna kinachomlazimisha aondoke C. Kitufe kilipofika, kilikuta mlango uko wazi.

Atakayejaribu kuondoka huangukia kwenye F. Anaanza 1-2-3 kama alivyozoea C, dole gumba linatua kwenye B flati, mkono unapinda, anakata tamaa na kurudi kwenye kitufe. Alitakiwa apige 1-2-3-4, kisha dole gumba litue C. Dole gumba ni fupi. Katika skeli halipelekwi kwenye kibonyezo cheusi. Chopin alianza kuwafundisha wanafunzi wake kwa skeli ya B, ambamo vidole virefu hukaa juu ya vyeusi vyote vitano, na C aliiona ngumu kuliko zote. Sisi tumekwama kwenye hiyo ngumu tukidhani ni rahisi.

Do-re-mi yenyewe inaweza kututoa. Ukijua kidole cha 4 kinakaa wapi, vingine vinajipanga, kwa sababu hutumika mara moja tu katika kila mzunguko wa nota saba. Katika C, G, D, A na E, 4 ya kulia hukaa kwenye Ti, ya kushoto kwenye Re. Katika F, B flati, E flati, A flati na D flati, 4 ya kulia hukaa kwenye B flati daima. Kushoto, F hufuata C. Hizo nne nyingine huanza na kidole cha 3, na 4 hukaa kwenye Fa. Skeli kumi hizo, kwa maneno ambayo kila mwanakwaya anayajua! Jambo hili limeshafikishwa kwenye semina zilizopita, likapigiwa makofi, likaachwa ukumbini.

Kwa hiyo napendekeza, kwa heshima zote, kwamba mazoezi yafanyike bila kitufe, hata kama ibada bado inakihitaji. Skeli ianzwe na mkono mmoja, polepole, na vidole vibonyeze kwa mafungu: 1-2-3 kwa pamoja, kisha 1-2-3-4 kwa pamoja, ili mkono ujue unakohamia. Kiwiko kisirushwe dole gumba linapopita. Mikono ikiunganishwa, ianze kwa kuachana kutoka C ya katikati, maana hapo vidole vya pande zote mbili vinalingana namba. F ifundishwe mapema, kabla C haijawa kifungo. Walimu wanaonakili nyimbo waandike namba ya kidole cha 4 juu ya nota. Wino wake hauna gharama. Kila mpigaji achague skeli moja mpya na kupiga wimbo mmoja wa ibada ndani yake, bila kitufe. Narudia: bila kitufe. Kitufe kirudishwe sifuri kila baada ya ibada. Uongozi, kadiri bajeti itakavyoruhusu, ufikirie kutuachia piano ya zamani iliyo stoo badala ya kuigawa.

Mchana huu tutajaribu B flati, mmoja mmoja. Kitufe cha kinanda hicho hapo mbele nimekifunika kwa selotepu, na naomba mwenyekiti asimruhusu mtu kuibandua hadi saa kumi.