Ushirikiano wa Vyama na Abiria wa Mtangawanda

Hebu tutue Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate. Hapo abiria hupanda boti moja kwenda Lamu, wa chama hiki na wa kile, wote wakingoja maji yajae ndipo mlango wa bahari wa Mkanda upitike.

Vyama vyetu navyo vimewahi kupanda boti moja; tukumbuke. Tarehe 28 Februari 2008, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini mapatano ya kugawana madaraka, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,000. Serikali hiyo ya pamoja, iliyoitwa ya nusu mkate, ilituletea Katiba ya 2010, na Katiba ikatuletea kaunti. Kwangu mimi, hilo pekee latosha kuutetea ushirikiano. Machi 2025, vyama vya UDA na ODM navyo vikatiliana saini kushirikiana. Tayari Hassan Joho wa ODM alikuwa amekabidhiwa wizara ya uchumi wa bahari, inayomgusa mvuvi wa Kizingitini, huko huko Pate.

Lakini upande wa pili una hoja nzito: mpinzani akishaingia serikalini, nani atauliza fedha za umma zimekwenda wapi?

Basi nawe msikilizaji uliye Pate, ushirikiano huo wa Nairobi umeuona gatini kwako?