Safari ya Wikendi na Homa ya Wiki ya Pili

Kama unapika, endelea kupika, ila sogeza redio karibu kidogo. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Eldoret, na leo ninazungumza hasa na wewe mama unayetoka nyumbani alfajiri, unayerudi giza likiingia, na ambaye siku yako ya kukaa na watoto ni Jumapili na Jumamosi nusu.

Najua wikendi ikifika unataka kuwatoa watoto. Wengine huwapeleka Iten kutazama bonde kutoka pale juu, kisha wanateremka Tambach hadi Biretwo, wakafika daraja la Mto Kerio pale Cheploch kuwaona vijana wakijitosa majini kutoka kwenye mwamba. Wengine huendelea hadi Kabarnet na Ziwa Baringo. Wengine hushuka Kisumu kula samaki. Na wengi wetu safari yetu ni ile ya ushago: kwa kukhu kule Butere, au kwa kogo kule Arror, mtoto akapajue kwao. Sitakukataza safari hata moja. Mtoto anayemwona mama yake usiku tu anahitaji siku hizo, na mama pia anazihitaji. Wale wanaosema mama anayetembea na watoto anapoteza pesa, waache waseme.

Lakini tazama ramani ya safari hizo. Karibu zote zinateremka. Eldoret iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo, na sakafu ya Bonde la Kerio nayo iko chini sana kuliko hapa kwetu. Ukishuka hivyo, koti linatoka, watoto wanaanza kuomba maji, na usiku mnalala bila blanketi. Joto hilo unalolifurahia ndilo linalompenda mbu wa malaria.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mbu anaweza kuishi hata mahali penye baridi kiasi. Kinachoshindwa na baridi ni kile kijidudu cha malaria kilicho ndani ya mbu. Kinahitaji joto ili kikomae, na baridi ikiwa kali kinadumaa, mbu anakufa kabla hajawa hatari kwa mtu. Ndiyo maana malaria ni chache katika mji wetu kuliko kule chini. Sisemi haipo. Pande za Turbo, ambako ardhi inashuka kuelekea Kakamega, ipo. Na nyanda hizi za juu za magharibi ziliwahi kupata milipuko mikali, kama ile ya miaka ya 1990, mvua na joto vilipozidi. Lakini mtoto aliyezaliwa Kapsoya au Langas na kulelewa hapo anaweza kufikisha miaka mitano bila kuugua malaria hata mara moja.

Hiyo ni baraka, lakini ina upande wake mwingine. Mtoto anayeishi Butere au Arror huumwa na mbu mara nyingi, na akikua mwili wake huanza kuzoea kupambana na malaria kiasi fulani. Wa kwako hajajifunza. Kwa hiyo mnaweza kulala nyumba moja, mbu mmoja akawauma watoto wanne, binamu zake wakaendelea kucheza mpira na wako akalazwa. Usiseme mtoto wako ni dhaifu wala usimlaumu kukhu. Na wewe mama uliyezaliwa huko chini, ukakaa Eldoret miaka kumi, usijidanganye kwamba mwili wako bado una kinga ile ya utotoni. Imepungua.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Malaria haiji siku mliyoumwa. Tangu mbu aume mpaka homa ianze, kwa kawaida hupita siku 7 hadi 14, na mara nyingine mwezi au zaidi. Hebu hesabu na mimi. Mmelala bondeni Jumamosi usiku. Jumapili mmerudi, Jumatatu umeingia kazini, mtoto ameenda shule, nguo za safari zimefuliwa na picha zimeonyeshwa majirani. Wiki nzima inapita mtoto akiwa mzima kabisa. Jumanne ya wiki ya pili anaamka na joto, anakataa uji, anasema kichwa kinauma, anatapika. Nani atakumbuka Cheploch siku hiyo? Kila mtu anasema ni baridi ya Eldoret, ni mafua, ni meno.

Na siku hiyo ya Jumanne wewe uko kazini. Anayempeleka mtoto kituo cha afya ni dada wa nyumbani, au shangazi, au jirani mwenye roho nzuri. Akiulizwa, "Mtoto huyu amesafiri?" atajibu hapana, kwa sababu yeye hakusafiri, au aliajiriwa juzi. Nimeona mtoto wa miaka mitatu aliyezungushwa siku nne kwa dawa ya kikohozi na dawa ya kushusha homa kutoka duka la dawa. Hapakuwa na mtu aliyeuliza habari ya safari na hapakuwa na mtu aliyeitaja. Mama yake alipopata ruhusa kazini siku ya tano na kumleta mwenyewe, mtoto alikuwa mweupe viganjani na hawezi kukaa. Tulipompima, malaria. Siku nne kwa mtoto mdogo ni nyingi sana. Malaria ya huku kwetu kwa sehemu kubwa ni ile aina kali, inayoweza kupanda kichwani au kumaliza damu kwa muda mfupi. Yule alipewa rufaa siku hiyo hiyo na akapona, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo naomba ufanye jambo moja dogo. Mkirudi safari, kabla hujavua viatu, chukua kalamu uandike kwenye kalenda ya ukutani: tulilala mahali fulani, tarehe fulani hadi fulani. Kama huna kalenda, andika kikaratasi ukitie ndani ya kile Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, maana yeyote atakayempeleka mtoto atakibeba. Kisha mwambie dada wa nyumbani kwa maneno wazi: "Mtoto akipata joto kuanzia sasa hadi mwezi ujao uishe, usinisubiri. Mpeleke, na useme alilala Kerio." Mwachie nauli ya bodaboda mahali anapopajua. Wengi wao ni wasichana wadogo, wanaogopa kutumia pesa ya mwenye nyumba bila ruhusa. Mpe ruhusa hiyo mapema.

Mkifika kituoni, omba mtoto apimwe malaria. Ni tone la damu kidoleni, na kwa kile kipimo cha haraka majibu hutoka kwa muda wa nusu saa hivi. Usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala usimpe ile iliyobaki ya mwaka jana ya kaka yake. Dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto. Kama ulimpa kitu cha kushusha homa nyumbani, sema, maana mtoto anaweza kufika akiwa baridi tukadhani hana neno. Na kipimo kikionyesha hana malaria lakini homa ikaendelea, mrudishe apimwe tena na atafutwe ugonjwa mwingine.

Akipatikana nayo, dawa ya kawaida ya kumeza hapa Kenya ni ile ya mchanganyiko tunayoiita AL. Hutolewa mara 6 kwa siku 3. Ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, ndivyo mwili unavyoipokea vizuri. Akiitapika kabla ya nusu saa, anarudishiwa, kwa hiyo rudi kituoni kama dawa haitatosha. Siku ya pili utamwona anaruka kitandani, na hapo ndipo kina mama wengi huweka dawa kabatini. Tafadhali, zimalize zote.

Ziko dalili ambazo hazingoji kesho wala hazingoji mama atoke kazini: mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akihema kwa shida, akiwa mweupe viganjani na machoni, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi. Hata iwe saa nane za usiku, mpeleke hospitali. Huko kuna sindano ya malaria kali, na kama damu imepungua ataongezwa.

Tuzungumzie sasa kujikinga kabla ya homa. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Hii ina maana safari ya mchana tu haina hatari kubwa. Ukiteremka Biretwo asubuhi, mkala maembe, mkatazama mto, na saa kumi jioni mkaanza kupanda, mtafika Tambach kukiwa bado kweupe. (Na hayo maembe, acheni kuyasingizia. Kuna wanaoamini embe, au miwa, au kunyeshewa na mvua ndiko kunaleta malaria. Ni mbu peke yake.)

Kama mnalala, beba neti yako. Usione aibu, usifikiri mwenyeji atasema unaidharau nyumba yake. Kwa nyanya huwa kuna neti, lakini wageni mkiwa saba na watoto wakatandikiwa mkeka sebuleni, neti iliyopo iko chumbani kwa nyanya. Wale wa mkekani ndio wanaoumwa. Beba neti yenye dawa, kamba nne na misumari michache. Ifunge pembe nne, iteremke mpaka chini, uikunjie ndani ya godoro au mkeka pande zote. Mtoto asilale akiuegemea ukingo, mbu huuma kupitia matundu. Halafu kuna ile saa kati ya chakula cha jioni na kulala, watoto wako nje wanasikiliza hadithi au wanatazama mechi kwa jirani. Wavishe nguo za mikono mirefu, suruali na soksi. Mafuta ya kufukuza mbu yanasaidia, ila soma kwenye chupa umri yanaofaa.

Mtu atauliza, na chanjo je? Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019 katika baadhi ya maeneo ya kaunti za kanda ya ziwa, kwa watoto wa huko. Usidhani wa kwako aliipata kwa sababu tu alimaliza chanjo zake zote hapa Eldoret. Fungua kijitabu uangalie. Na hata aliyeipata bado hulala ndani ya neti.

Mengine ya safari nitayataja upesi. Maji ya kunywa yachemshe nyumbani uyabebe, na usisahau pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji, maana mtoto akiharisha katika joto la bondeni anakauka haraka. Kona za Tambach huwatapisha watoto, kwa hiyo wape chakula chepesi kabla ya kuondoka na uwakalishe mbele kidogo wakitazama nje. Kule Baringo, mtoto asichezee ukingoni mwa ziwa. Mamba na viboko wako kwao pale.

Mwisho ni swali ambalo kina mama huniuliza kliniki wakiwa wajawazito: je, niende ushago wikendi hii au nisiende? Mimba huifanya malaria iwe kali zaidi, na inaweza kuleta upungufu wa damu, mimba kutoka, au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wajawazito wa kanda ya ziwa na pwani hupewa vidonge vya kuzuia malaria kliniki, lakini sisi wa nyanda za juu hatumo katika mpango huo. Kama safari inaweza kuwa ya mchana tu, iwe ya mchana. Kama ni lazima ulale, labda kuna mazishi au mahari, pita kliniki kabla ya kwenda, mweleze muuguzi utalala wapi na siku ngapi, akushauri. Neti ya kwanza kufungwa iwe yako. Ukirudi, andika tarehe yako pia kwenye kijitabu, ukipata joto au maumivu ya viungo ukapimwe siku hiyo hiyo.

Mkienda wikendi hii, nawatakia safari njema, na nyanya huko mumsalimie.