Nyimbo za Uhuru Hazina Fungu

Msikilizaji, ratiba ya sherehe za Uhuru za Disemba 9 umeshaisikia, hatutairudia. Gwaride lipo. Halaiki ipo. Hotuba zipo, na wasanii wa kutumbuiza wapo. Sisi tunauliza: nyimbo zilizoupigania uhuru wenyewe ziko wapi?

Hatusemi wimbo wa taifa. Tunasema nyimbo za kina mama wa ngoma ya lelemama wa Dar es Salaam, waliojipanga bega kwa bega na kanga zao za sare, mmoja akianzisha na wenzake wakiitikia. Mwaka 1955, chama cha TANU kilichopigania uhuru kilipotaka wanawake wajiunge, Bibi Titi Mohamed, naye akiwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi akiridhia, kikundi kinamfuata. Haukupita mwaka, wanawake wapatao 5,000 wakawa wamejiunga. Wengi wao hawakujua kusoma. Habari za chama ziliingia uani kwa wimbo, zikatoka uani kwa wimbo.

Bibi Titi ana barabara yenye jina lake, na anastahili. Lakini waliomwitikia ni kina nani? Mtaani kwako, nani aliimba? Nani alipiga ngoma? Nani alitunga? Hatujui, na tunasherehekea bila kujua. Fulana zina fungu. Kofia zina fungu. Mahema yana fungu. Nyimbo za uhuru hazina fungu!

Tutaambiwa kanda za zamani zipo katika maktaba ya redio ya taifa. Zipo, na waliozitunza tunawashukuru. Lakini kanda iliyo kabatini inamfikiaje mtoto wa shule Mbagala au Kigamboni? Na zile nyimbo ambazo hazikuwahi kufika studio, zilizobaki vifuani mwa wazee wetu? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955, leo amevuka 90. Mzee huyo hawezi kusubiri kamati ya mwakani. Akifukiwa, wimbo umefukiwa.

Kwa hiyo tunasema wazi. Wizara zinazohusika na utamaduni na elimu, tengeni fungu la kuzirekodi nyimbo hizi, na zifundishwe shuleni. Maofisa utamaduni wa wilaya, tokeni ofisini, nendeni Kariakoo, nendeni Tanga, nendeni Tabora, mkawasikilize wazee.

Na wewe unayetusikiliza, usingoje serikali! Simu unayo mkononi. Nenda kwa bibi leo. Mwamkie, kaa naye mkekani, muombe akuimbie. Mrekodi. Andika jina lake, jina la kikundi chake, na majina ya wenzake waliotangulia. Uhuru huu uliimbwa kabla ya kupatikana, na walioimba wana haki ya kutajwa. Wataje wangali hai. Warekodi leo!