Jirani Yetu wa Ziwani



Nimepewa nafasi ya kusema machache, nami nimechagua kusema juu ya jirani ambaye sote twamwogopa na wachache wetu wamjuao: kiboko wa Ziwa Tanganyika. Mji wetu wa Bujumbura umejengwa ufukoni, na karibu yake mto Rusizi waingia ziwani. Kwa hiyo si ajabu kumkuta kiboko njiani wakati wa usiku. Kila mtu auawapo, husemwa kwamba mnyama ametuvamia. Neno hilo yatupasa kulipima.

Kiboko mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 1,500 na zaidi, lakini ngozi yake haistahimili jua kali. Ndiyo sababu hushinda majini. Jua likitua hutoka kutafuta majani, naye aweza kula kilo 40 kwa usiku mmoja. Kisha hurudi kabla ya mapambazuko, mara nyingi kwa njia ile ile aliyoijia. Sisi ndio tuliolima bustani juu ya njia hiyo na kujenga nyumba penye malisho yake. Tena Rusizi ilipofurika mwezi wa Aprili 2020, na ziwa lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia hata Gatumba. Yakija maji mitaani, kiboko naye huja nayo.

Ndugu zangu, fikihi yatufundisha kwamba kisima kina harimu yake, yaani eneo la kandokando lisilohodhiwa na mtu, ili maji yasiharibiwe wala mwenye kiu asizuiwe. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 nayo imetenga mita 150 tangu ukingo wa ziwa. Basi mwenye kuiheshimu nafasi hiyo amemwachia mnyama njia, na ameilinda roho yake mwenyewe.

Lakini tusimlaumu mkulima maskini. Hakwenda kulima ukingoni kwa ukaidi, bali shamba hilo ndilo alilolipata. Haifai mzigo huu aubebe peke yake. Kiboko ana miguu mifupi wala si hodari wa kuruka. Handaki au ukuta mfupi wa mawe waweza kumgeuza. Mtu mmoja atachoka kulichimba handaki hilo, lakini jirani kumi wakikusanyika Jumamosi chache, kazi itakwisha.

Yako mengine yasiyohitaji fedha. Watoto wasitumwe ziwani jioni wala alfajiri. Ukimwona kiboko nchi kavu, usisimame kati yake na maji, maana hapo ndipo anapoua. Na jike mwenye mtoto ni mkali kupita wote. Usimtupie mawe, wala usidhani utamshinda mbio: ukubwa wake wote haumzuii kukimbia kuliko watu wengi. Nasi tuendao msikitini alfajiri tukumbuke kuwa saa hiyo ndiyo yake ya kurudi. Twende pamoja, na taa mkononi.

Jirani huyu hatukumchagua, wala yeye hakutuchagua. Haki ya jirani ni kutomdhuru na kujikinga na madhara yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuyatimiza yote mawili. Amin.