Vigae vya Lami Mwambao: Paa Huanza Kuozea Chini

Maelezo kwa wakaazi, mafundi na wazee wa mitaa

Mada ni paa, na hasa paa la vigae vya lami, ambalo limeanza kuonekana katika nyumba mpya za Pwani. Wengi hulipenda kwa sura yake, na kwa kuwa halipigi kelele usiku wa mvua kama mabati. Gharama yake si ndogo. Kwa familia nyingi hiyo ni akiba ya miaka, au mkopo wa sacco ambao bado unalipwa, na ndiyo sababu ni vyema mwenye nyumba ajue mapema paa la aina hii huharibikia wapi.

Hapa mwambao, kigae chenyewe mara nyingi sicho cha kwanza kuharibika. Hutangulia msumari unaokishika, ubao unaokibeba, na hewa iliyofungiwa kati ya ubao na dari. Mtu aliyesimama barabarani ataliangalia paa na kulisifu, ilhali ndani mbao zimeanza kulainika. Muuzaji naye huzungumzia rangi na miaka ya dhamana ya kigae. Msumari hautaji kabisa.

Kwanza, kifaa chenyewe. Kigae cha lami ni kipande chembamba kinachopindika mkononi. Katikati kina mkeka wa nyuzi za kioo, umepakwa lami pande zote, na juu yake kumemiminwa changarawe laini za kuikinga lami na jua. Kisichanganywe na bati la chuma lenye changarawe, ambalo siku hizi hutengenezwa kwa umbo linalofanana nacho kabisa na wakati mwingine huuzwa kwa jina lile lile. Njia rahisi ya kutofautisha ni sumaku: ikinasa, hilo ni bati. Tofauti hiyo si ya jina tu. Bati la changarawe hupigiliwa juu ya fito, lakini kigae cha lami hakiwezi kujishikilia. Lazima kilazwe juu ya sakafu nzima ya plaiwudi. Aliyepiga hesabu ya kimoja akanunua kingine atajikuta fedha zimemwishia nyumba ikiwa wazi.

Uzito nao una maneno yake. Vigae vya kawaida vina kilo 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, na plaiwudi ya milimita 12 huongeza kilo 7 hivi. Bati la kawaida halifiki kilo 5. Kwa hiyo kenchi zilizojengwa kubeba mabati zisipandishiwe vigae kabla mtu anayejua hesabu za mbao hajazikagua, hasa kama mchwa umewahi kupita hapo.

Sasa msumari. Upepo wa baharini hubeba chumvi, na chumvi hunasa unyevu na kuushikilia juu ya chuma hata siku isiyo na mvua. Misumari ya bei nafuu hupakwa zinki nyembamba sana kwa umeme. Huwa laini na yenye kung'aa, nayo huvutia machoni. Iliyochovywa katika zinki iliyoyeyuka ina rangi ya kijivu iliyofifia na huparuza mkononi, kwa kuwa zinki yake ni nene. Hiyo ya pili ndiyo ya mwambao. Kwa nyumba inayosikia mawimbi, kama zile za ufuoni Nyali, Watamu au Shela, msumari wa chuma kisichoshika kutu ndio salama zaidi. Bei yake humshtua mtu dukani, lakini katika gharama ya paa zima misumari ni sehemu ndogo sana, na hakuna pahali pabaya zaidi pa kubania shilingi.

Kila kigae hupata misumari 4, na pale upepo unapopiga moja kwa moja, 6. Ipigwe kwenye mstari uliowekwa na mtengenezaji, kichwa kilale sawa na kigae bila kukikata, na ncha ipenye plaiwudi itokeze upande wa pili. Ncha hizo ndizo baadaye zitakazotoa habari. Mwenye nyumba akipanda darini na tochi akaona ncha zimeshika kutu, na kila moja imezungukwa na duara la hudhurungi kwenye ubao, basi unyevu umekaa humo muda mrefu, hata kama hakuna tone lililowahi kuanguka chumbani.

Unyevu huo hautoki kwenye mvua peke yake. Hutoka jikoni, bafuni na katika hewa yenyewe ya Pwani, hupanda juu, na usiku ubao unapopoa hugeuka matone. Nyumba za zamani za makuti hazikuwa na shida hii. Juu ya kuta paliachwa nafasi, na makuti yenyewe yalipumua. Nyumba ya sasa ina dari iliyozibwa na upenu uliofunikwa vizuri, kisha juu yake kumelazwa lami isiyopitisha kitu. Hewa haina pa kutokea.

Kanuni inayotumika sana ni mita 1 ya mraba ya matundu ya hewa kwa kila mita 150 za mraba za dari. Matundu yagawanywe: nusu chini kwenye upenu, nusu juu karibu na mgongo wa paa, ili hewa ya moto ikipanda ivute nyingine kutoka chini. Yote yawekwe wavu usiopata kutu, la sivyo popo watahamia. Baadhi ya mafundi huyaona matundu haya kama pambo na kuyaruka mteja asipouliza. Mteja na aulize. Watengenezaji wengi huandika katika masharti ya dhamana kwamba paa lisilo na hewa ya kutosha halilipwi, na karatasi hiyo ni vyema isomwe kabla ya kulipa, wala si siku ya madai.

Plaiwudi iwe ile iliyogundishwa kwa gundi inayostahimili maji. Ya kutengenezea makabati itaachana tabaka. Kati ya ubao na ubao paachwe nafasi ya milimita 3, kwa sababu ubao hujaa ukipata unyevu, na ukikosa nafasi hujikunja na kuinua vigae. Ubao ulionyeshewa kiwanjani usifunikwe hadi ukauke. Hili husababisha ugomvi, maana fundi anataka kumaliza na mwenye nyumba anataka kuhamia, lakini maji yaliyofungiwa chini ya lami hayana njia ya kutoka.

Mteremko una kipimo kinachoeleweka bila ya vyombo. Kwa kila mita 3 za kwenda mlalo, paa lipande angalau mita 1. Likilala zaidi ya hapo, hadi mita 1 kwa mita 6, karatasi ya lami ya chini ilazwe mara mbili. Chini ya kiwango hicho vigae havifai kabisa, kwa kuwa vimetengenezwa kumwaga maji, si kuyazuia yaliyotuama. Varanda nyingi huharibikia hapo: nyumba ina mteremko mzuri, kisha varanda huongezwa mbele ikiwa karibu bapa, na vigae vile vile hupitishwa juu yake. Pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde, na pale paa linapogusa ukuta, kazi ni ya bati la kuzuia maji. Saruji ikipakwa mahali pa bati hilo hupasuka baada ya misimu michache ya jua.

Wakati wa kuezeka pia ni sehemu ya uchaguzi. Kila kigae kina utepe wa gundi unaoamshwa na joto la jua ili kikishike cha chini yake. Kikilazwa Mei, mbingu zimefunga na kusi linavuma, utepe huo huchelewa kushika, na upepo hukiinua huku mchanga ukiingia na kuiharibu gundi. Kipindi cha kaskazi, Januari hadi Machi kabla ya mvua, ndicho kizuri, ila kazi ifanywe asubuhi. Saa saba mchana lami hulainika na kila hatua ya fundi huacha alama. Dhoruba kubwa si za kila mwaka kwetu, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua jirani, pwani ya Tanzania, na misumari 6 badala ya 4 ni bima ya bei rahisi.

Baada ya miaka michache paa litaanza michirizi myeusi, hasa upande usiopigwa na jua na chini ya mwembe au mwarobaini. Watu hudhani ni moshi au kuoza. Sivyo. Ni viumbe vidogo jamii ya mwani, vinavyokula unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa ndani ya kigae. Huchafua sura tu; kuvuja hakuanzii hapo. Kuvu ya kijani iliyoota nene ni jambo jingine, kwani hushika maji na kuinua kingo za vigae. Wapo watengenezaji wanaochanganya changarawe za shaba zinazozuia mwani, na kwa mahali penye unyevu kama petu nyongeza hiyo inastahili fedha. Wengine huweka utepe wa shaba au zinki chini ya mgongo wa paa, mvua ikiosha kidogo kidogo. Shaba lakini isiwekwe juu ya mabati au mlizamu wa zinki, maana maji yanayotoka kwenye shaba huila zinki.

Kuosha kwa mashine ya maji ya nguvu ni kuliua paa, kwani hung'oa changarawe, na bila changarawe lami huchomwa na jua. Njia inayopendekezwa ni dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sawa kwa sawa na maji, inyunyiziwe siku tulivu, ikae dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa mpira wa kawaida. Mimea ya chini imwagiwe maji kabla na baada. Aliye juu avae glavu na miwani na ajifunge kamba. Paa lililolowa dawa huteleza kama sabuni.

Kabla ya dawa hiyo kuguswa, bomba la kuingia tangini likatwe. Jambo hili la tangi halizungumzwi vya kutosha, nalo pengine lina uzito kuliko yote. Mombasa hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, maana yake paa la mita 100 za mraba hupokea karibu lita 100,000. Kwa nyumba ambayo mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, au kisima chake kina chumvi, hayo ndiyo maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walilinganisha maji ya mvua kutoka mapaa ya aina mbalimbali, na ya vigae vya lami yakawa miongoni mwa yaliyobeba zaidi mabaki yaliyoyeyuka ya vitu vya kaboni. Maji ya namna hiyo yakitiwa klorini yanaweza kuzaa kemikali zisizotakiwa.

Kwa hiyo familia inayokunywa maji ya paa lake isichague vigae vya lami. Ichague bati lililopakwa aluminiamu na zinki pamoja, au bati la aluminiamu tupu kwa walio karibu na bahari, na ikubali kelele ya mvua. Aliyekwisha kuezeka vigae ayatumie maji hayo kufulia, kusafishia choo na kunyweshea bustani, na ya kunywa ayapate kwingine. Vyovyote lilivyo paa, mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, angalau lita 50 kwa paa la mita 100 za mraba, maana ndiyo yenye vumbi na kinyesi cha kunguru.

Wanaobadilisha paa la zamani la asbesto wasilivunje wenyewe wala kuvizika vipande shambani. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni. Na kwa walio ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, ambao ni Urithi wa Dunia tangu 2001, ruhusa ya kubadilisha paa itafutwe kabla ya kununua hata msumari.

Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, Machi kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Hauhitaji kupanda juu. Kutembea juu ya vigae bila sababu huvichosha. Mtu asimame chini atazame kama kuna kigae kilichoinuka, ashike mlizamu aone kama una changarawe nyingi kuliko msimu uliopita, akate matawi yanayogusa paa, kisha apande darini na tochi. Changarawe kidogo katika mwaka wa kwanza ni za kawaida, ni zile zilizobaki kiwandani. Zikiendelea kujaa mwaka wa kumi, fundi aitwe. Na akiitwa, aanze kukagua darini, kwenye ncha za misumari, kabla ya kutoa bei.