Tulipokosea Kupima Chumvi

(Hotuba kwa kamati za afya za parokia na wafadhili)



Ndugu wanakamati na wafadhili wetu wapendwa, mmezoea kutusikia tukieleza majengo yaliyokamilika. Leo tunaomba tuseme kosa letu.

Katika zahanati yetu moja, choo cha mgonjwa wa kuhara huchanganywa na tone la maji ya chumvi, kisha hutazamwa kwa darubini ili kutafuta amiba. Maji hayo yanatakiwa kuwa na chumvi asilimia 0.85, yaani gramu 0.85 katika mililita 100. Kwa lita 1, ambayo ni mililita 1,000, zinahitajika gramu 8.5. Mhudumu wetu alipima gramu 0.85 akazitia katika lita nzima. Chumvi ikawa sehemu moja tu ya kumi. Katika maji hafifu namna hiyo amiba hai hunyonya maji, huvimba na kupasuka, na anayetazama anaweza asione kitu.

Kosa liligunduliwa na msimamizi aliyesoma lebo ya chupa. Tulifungua daftari, tukawaita tena wote walioandikiwa "hakuna amiba" tangu chupa ile ilipotengenezwa. Wengi walikuja wakapimwa upya. Wengine hatujawapata hadi leo, na jambo hilo linatuuma.

Mhudumu hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake, foleni ni ndefu, hana wa kuhakiki hesabu yake. Kwa hiyo tumeweka utaratibu huu:

1. Hesabu yote ifanywe kwa kizio kimoja. Gramu 1 ni miligramu 1,000. Lita 1 ni mililita 1,000.
2. Mtu wa pili ahakiki hesabu kabla chumvi haijapimwa.
3. Chumvi iyeyushwe kwanza katika maji machache, ndipo maji yaongezwe hadi alama ya lita 1.
4. Lebo ioneshe jina, kiasi, tarehe na aliyetengeneza.

Wafadhili wetu, ombi letu safari hii si kubwa: kila zahanati ipate mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na silinda ya kupimia ya lita 1. Nanyi wanakamati, mnapotembelea zahanati msiishie kwenye paa na rangi. Ombeni kuoneshwa lebo za chupa.

Mgonjwa anatuamini bila kuona tunavyopima. Tusimwangushe.